Kuni Mlangoni

Siku ya tisa tangu mumewe azikwe, mshonaji alifungua mlango akakuta tena mzigo wa kuni. Mtu hakuonekana. Palikuwa na ukungu tu, na nyumba ya jirani ng'ambo ya bonde.

"Wameleta tena," alimwambia mwanawe mgongoni, kana kwamba kitoto kile kinaelewa. Akautupa mzigo barabarani, kama alivyoitupa ile mingine.

Kwao, upande mkame wa nchi, safari ya siku mbili kwa basi, mfiwa hagusi jiko. Majirani hujaa ndani hadi pa kukanyaga hapana. Hupika wao, hufua wao, hulia naye. Hapa walizika, wakampa mkono, wakatawanyika. Kisha kuni. Kwake maana ilikuwa moja: jipikie mwenyewe, mgeni wewe.

Akarudi ndani kufunga cherehani kwa kamba. Basi lake lilikuwa kesho. Kilichomuuma ni kaburi. Nani angelipalilia?

"Hodi! Mwenye mkono laini ajifiche, sindano imefika!"

Alikuwa Mama Chanjo, mhudumu wa afya aliyekwisha kuzunguka karibu nchi nzima na kisanduku chake. Alipoona cherehani imefungwa, utani ulimwishia.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kwetu, shangazi. Watu wa huku mioyo yao mawe. Siku tisa hakuna aliyekuja kukaa nami. Wananitupia kuni kama mbwa anavyotupiwa mfupa."

"Na hizo kuni ziko wapi?"

"Barabarani."

Mama Chanjo alijishika kichwa. "Maskini wee! Hebu keti. Kwenu nimefanya kazi miaka sita. Kisima ni kimoja, nyumba zimebanana kukizunguka. Ukikohoa, jirani anakupa pole akiwa kitandani kwake. Basi hata kilio chenu ni cha pamoja. Huku maji yako kila bonde. Kila mtu alijenga penye shamba lake, mbali na mwenzake. Na mvua haikatiki. Kuni kavu mtu huzitunza darini mwaka mzima. Mfiwa huachwa alie peke yake, lakini moto wake hauachwi uzimike. Nchi ni moja, mwanangu. Ardhi ndiyo iliyotufundisha mbalimbali. Kule katikati, walikooana wa kwenu na wa huku, watu huleta kuni na hukaa."

"Mume wangu hakuniambia."

"Nani humweleza mkewe mambo ya kifo chake?"

Mshonaji alitoka kuziokota. Zilikuwa zimelowa. Zote zilikuwa vipande vya mipini ya majembe, vimechongwa vikalainika. Jirani mchongaji alikuwa mmoja tu, Mzee Mipini, wa ng'ambo ya bonde.

"Njia yake ni hii. Aliona nimezitupa?"

"Hakukosa kuona."

"Na bado akaleta?"

"Bado."

Hapo akalia, kwa mara ya kwanza bila kutazama mlangoni kama kuna anayekuja.

Jioni aliifungua cherehani. Kwa kamba ile ile alizitundika kuni juu ya jiko, zikauke.

Mvua za mwaka uliofuata, mke wa Mzee Mipini alifariki. Baada ya maziko mshonaji alivuka bonde, akaweka kuni kavu mlangoni, kama wa huku. Kisha akabisha hodi, kama wa kwao, akaingia na mtoto wake, akaketi sakafuni.

Mzee hakuzoea kulia mbele ya mtu. Alichochea moto. Halafu akasogea kidogo kwenye mkeka, akawapa nafasi.