Mahali Koko Alipofumba Mdomo

Kila Jumamosi asubuhi Laurette alitwanga sombe uani, huku mama yake akipanga bidhaa za kwenda kuuza katika soko la Warwick, kwenye mji wa ugenini walikohamia. Zamani mtwangaji alikuwa bibi yake, ambaye wote walimwita Koko. Alitwanga akiimba, na Laurette alikaa karibu akichambua majani ya muhogo. Koko alikuwa amefariki mapema mwaka huo, 2012. Laurette hakulia hata mazikoni. Watu walimsifu kwamba amejikaza, kumbe moyo ulikuwa umekufa ganzi, hahisi chochote.

Jumamosi moja alikuja Bi Thuraya, Mwarabu mzaliwa wa Muscat aliyekulia Unguja. Alikuwa wakili wa wakimbizi, na Wakongo walimwita Maître. Akitoka mahakamani aliandika vitabu vya nyimbo za kina mama waliohama, zisije zikapotea. Nyimbo za bibi yake mwenyewe alichelewa kuziandika, na jambo hilo lilimuuma bado. Sasa aliutaka wimbo wa Koko, na aliyeujua wote ni Laurette peke yake.

Laurette akaimba mbele ya simu iliyorekodi. Katikati palikuwa na kipande ambacho Koko alikiimba amefumba mdomo, sauti tu bila maneno. Laurette aliona aibu kumpa Maître wimbo wenye tundu, akatunga maneno papo hapo, kuhusu mto na mwezi. Bi Thuraya alifurahi mno. Alisema maneno hayo yatafungua kitabu, chini ya jina la Koko, kisha akaaga.

Laurette akarudi kwenye kinu. Kila alipotwanga, mto na mwezi vilimjia mdomoni, na sauti ya Koko ikazidi kumponyoka. Akaogopa. Alikuwa hajaogopa kitu tangu msiba. Akauacha mchi, akamkimbilia Bi Thuraya getini.

“Maître, pale kwenye mto nimetunga mimi. Koko alikuwa anafumba mdomo.”

Bi Thuraya hakumkemea. Alimwomba aimbe vilevile Koko alivyoimba. Laurette akafumba mdomo, akaimba. Nyuma yao mama yake akatua mzigo chini.

“Pale iko jina ya Mapendo,” mama alisema taratibu. “Mtoto wake wa mwisho. Tulimuzika kwa njia, wakati tulikimbia vita. Tangu ile siku Koko hakuitaja tena.”

Hapo Laurette akalia, kwa kwikwi, na mama yake akamkumbatia. Alilia hadi mabega yakamuuma, na maumivu hayo alikuwa anayahisi.

Bi Thuraya alifuta sauti ya kwanza, akarekodi upya.

“Mwanangu,” akasema, “mahakamani shahidi husema alichokisikia, basi. Asichokijua hakijazi kwa maneno matamu. Ningechapisha mto wako, Mapendo angezikwa mara ya pili. Nitaandika tu: hapa amefumba mdomo.”