Baba wa Heche

—Profesa, huyu ndiye baba yangu, alisema Heche akiwa ndani ya joho, ameshika mkono wa bibi kizee.

Profesa akacheka, akidhani ni utani. Heche hakucheka. Mimi nilikuwa nyuma yao na suti ya kuazima. Profesa aliponitazama, Heche akamwambia mimi ni jirani yao wa Tarime.

Niseme wazi. Bibi huyo, Gati wa Nyamisangura, hakupata mtoto wa kiume. Kwa desturi yetu Wakurya, tunaiita nyumba ntobhu, alitoa ng'ombe akamuoa Rhobi ili amzalie. Mtoto ni wa bibi, siyo wa mwanaume anayeingia na kutoka. Mwanaume huyo ni mimi. Nilimpenda Rhobi mpaka nikakataa kuoa. Naye aliniahidi kwamba Heche akimaliza chuo kikuu, atatoka kwa bibi aje kwangu.

Nikamvuta Rhobi nyuma ya maktaba.

—Amemaliza. Twende tukaishi.

—Mogesi, Heche anabaki hapa chuoni, wamempa kazi ya utafiti. Bibi amechoka. Akifa, boma lile ni langu.

—Na mimi?

—Kwako nitakuwa mke. Kule nitakuwa mwenye boma. Ungekuwa wewe ungechagua nini?

Nikamwambia nitamweleza Heche ukweli, tuone kama atabaki na yule bibi. Hakubisha. Akamwita Heche yeye mwenyewe.

—Heche, mimi ndiye niliyekuzaa.

—Najua, mzee. Tangu niko sekondari. Hata kutembea tunatembea sawa.

—Na bado unasema baba yako ni yule?

—Wewe ulimtaka mama. Bibi alinitaka mimi, kabla sijazaliwa.

Afadhali angenitukana. Alinipa mkono kwa adabu, akarudi kwa bibi yake. Nikatafuta geti. Chuo chenyewe kikubwa kuliko kata yetu ya Nkende yote, nikapotea katikati ya mabweni, nikazunguka na jua lile mpaka wanafunzi wakanionea huruma, wakanionyesha njia.

Basi la kurudi Tarime lilipofika Bunda, ujumbe wa Rhobi ukaingia:

"Tunarudi Jumamosi. Bibi siku hizi analala mapema. Uje."

Nikaandika:

"Nije kama nani?"

Alama mbili zikawa za bluu. Ameusoma.