Darubini ya Shemeji

Shemeji alinikuta nafunga stoo ya uwanja wa shabaha, jua linazama, mikono yangu inanuka mafuta ya bunduki. Hakushuka garini. Alipiga honi fupi tu, kama mtu anayeomba radhi kwa kusumbua.

"Mama kasema nikupitie," alisema. "Twende kwa Fundi wa bunduki kabla hajafunga duka."

Nilikuwa najua. Mama mkwe alinipigia simu asubuhi. "Nenda naye, mwanangu. Wewe ndiye unayejua mambo hayo. Mchagulie darubini ya bunduki iliyo safi kuliko zote." Kisha akarudia, polepole: "Nakuomba. Safi kuliko zote."

Ili mnielewe, huyo shemeji ndiye aliyemuua mume wangu. Ndugu yake wa tumbo moja. Jioni hiyo walikwenda kuwinda nguruwe mwitu waliokuwa wanamaliza mahindi ya Mama, wakagawana pande za shamba. Mume wangu alirudi nyumbani amebebwa kwenye turubai. Shemeji alilia mpaka sauti ikamkauka. "Niliona kitu cheusi kwenye mahindi! Nililenga kwa macho matupu. Ningekuwa na darubini ningemtambua!" Maneno hayo aliwaambia polisi, akayasema msibani, akamwambia kila aliyekuja kutupa pole. Ikaandikwa ajali. Baadaye walimrudishia bunduki yake kwa sharti kwamba kabla ya kurudi porini, ajifunze kulenga uwanjani, mbele ya mkufunzi anayetambulika.

Hapa kwetu mkufunzi ni mmoja tu. Mimi.

Siku nilipopewa habari hiyo nilicheka. Peke yangu, jikoni, mpaka jirani akagonga ukuta.

Duka la Fundi ni chumba chembamba kilichobanwa kati ya duka la dawa na fundi cherehani. Nondo mlangoni, taa moja juu ya meza, harufu ya mbao na mafuta. Fundi mwenyewe ni mzee, miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi. Alitandika kitambaa, akapanga darubini tatu.

"Ya nini hasa? Ya uwanjani au ya porini?"

"Zote mbili," shemeji alijibu. "Nataka moja inifanyie kazi zote."

"Aaa, hapo ndipo watu huchukua kitu wakaja kujuta." Fundi alikuna kidevu. "Ya uwanjani inakuza sana. Unaona tundu la risasi kwenye karatasi kule mbali. Sasa ipeleke porini, mnyama akutokee karibu. Utaona manyoya tu! Hujui ni bega, hujui ni paja. Ya porini haikuzi sana, lakini inakuonyesha eneo pana, na inaokota mwanga hata jua likishazama. Kwa hiyo wewe chukua ya wastani. Inaanza mara tatu, inaishia mara tisa. Unazungusha hii pete... anakuja. Unarudisha... anakwenda."

Nilizichukua moja moja, nikasimama mlangoni na kutazama tangi la maji lililokuwa juu ya ghorofa ya mbali. Ya kwanza ilikuwa na umanjano pembeni. Ya pili, msalaba wake wa kulengea ulikuwa mwembamba kama unywele. Kwenye karatasi nyeupe ungekuwa mzuri, lakini kichakani, giza likiingia, ungepotea. Ya tatu, ile yenye pete...

Niliona kutu kwenye boliti za tangi. Niliona njiwa amelala, na ukope wake.

"Hii," nikasema.

Fundi alifurahi. Akamgeukia shemeji. "Na ile ya zamani uliiuza? Maana ile nayo ilikuwa haina mchezo. Wewe mwenyewe ulitaka ya kuonea jioni."

Shemeji alikuwa anaangalia kitambaa cha mezani. "Umenifananisha, mzee."

"Nikufananishe vipi? Niliifunga kwenye bunduki yako kwa mikono hii. Mwaka jana, mahindi yalikuwa ndiyo yanabeba—"

"Nimesema umenifananisha."

Fundi alinitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu. Alivaa miwani, akaivua, kisha akaanza kuifunga darubini kwenye gazeti, na hakuongea tena mpaka tukatoka.

Mahindi yalikuwa ndiyo yanabeba. Mume wangu tulimzika mahindi yamekomaa.

Ndani ya gari niliikalia mikono yangu. Naijua mikono yangu. Shemeji aliwasha redio, akaizima, akaiwasha tena.

Mama alikuwa anatungoja barazani bila taa. Shemeji alipoingia ndani kunawa, Mama aliupokea ule mzigo kwangu, akaufungua, akaiweka darubini mapajani kama mtoto. Akakipulizia kioo pumzi. Kisha akatoa kwenye pindo la kanga kipande cha kitambaa, akaanza kufuta. Taratibu. Duara, duara, duara.

Kitambaa kilikuwa cha kijani. Ukingo wake ulikuwa umekauka, mgumu, rangi ya kahawia.

Ulikuwa mfuko wa shati alilovaa mume wangu jioni ile.

"Mama... unafanya nini?"

"Namsafishia mwanangu."

"Yupi?"

Aliinamisha mdomo mpaka kwenye kioo, akanong'ona maneno ambayo sikuyashika, ila ya mwisho: kitindamimba wangu, kama alivyozoea kumwita mume wangu. Harufu ikapita pale barazani, ya udongo uliochimbwa sasa hivi. Kulikuwa kukavu, mvua haikuwa imenyesha kwa muda mrefu.

"Mama, Fundi anasema shemeji alikuwa na darubini. Siku ile alikuwa—"

"Najua. Nilimfulia suruali wiki ile. Nilikuta mfuniko wa darubini mfukoni."

"Kwa hiyo ulijua! Mbona hukuwaambia polisi?"

"Polisi wangemfunga." Aliendelea kufuta. "Gerezani kuna watu. Kuna kazi, kuna chakula, kuna mazungumzo. Angezoea. Mimi sitaki azoee."

Shemeji akatoka, anajifuta mikono. Mama akamkabidhi darubini yake, akampigapiga begani. "Haya, baba. Kazi njema."

Kesho yake shemeji alikuja uwanjani jioni, wengine walipokwisha kuondoka. Niliifunga darubini juu ya bunduki kama ninavyomfungia mtu yeyote. Nikapima nafasi ya jicho kwa vidole vyangu.

"Jicho likae hapa. Usilisogeze. Bunduki ikipiga teke, hicho chuma kitakupasua."

"Sawa."

Akalala kifudifudi kwenye mkeka. Mbele yetu kulikuwa na nyasi zilizofyekwa, tuta la mchanga, na karatasi nyeupe ya shabaha. Upepo ulitulia. Nilimsikia akivuta pumzi, akaishusha nusu, akaishika.

Hakufyatua.

"Kuna mtu," alisema.

Niliinua bendera nyekundu, ndiyo kanuni. Nikaangalia kwa darubini yangu ya mkononi. Karatasi. Mchanga. Nyasi.

"Hakuna mtu, shemeji."

"Yupo. Kando ya shabaha. Kasimama tu."

"Punguza ukuzaji."

Pete ikalia... tiki, tiki, tiki. "Amekwenda mbali," alinong'ona.

Ningeweza kumwambia ainuke. Ningeweza kufunga uwanja. Nikapiga magoti kando yake.

"Ongeza."

Tiki... tiki...

"Anakuja."

"Kioo ndicho kinachokuza. Hakuna anayekuja."

"Hapana." Jasho lilikuwa linamchuruzika shingoni. "Shabaha iko vilevile. Haijakua. Yeye ndiye anayekuja... Sijaigusa pete. Angalia mkono wangu. Sijaigusa."

Nikaangalia. Mkono ulikuwa chini, umeshika nyasi.

Ndipo nilipoipata harufu. Majani ya mahindi yaliyolowa umande. Hapo uwanjani hakuna hindi hata moja. Na chini ya hiyo harufu kulikuwa na nyingine, sabuni ya ndimu, ambayo nyumbani kwangu ilitumiwa na mtu mmoja tu. Vinyweleo vilinisimama mpaka kichwani.

"Ameinua mkono," shemeji alisema. "Ananipungia. Kama siku ile."

Nilisogeza goti karibu na bega lake.

"Kama siku gani?" nikauliza.

Alianza kulia bila kuliondoa jicho kwenye kioo.

"Alinipungia mkono. Nilimwona vizuri. Alikuwa anacheka... alikuwa anaonyesha upande nguruwe walikokimbilia..."

Ninavyolijua neno hasira, halitoshi. Niliinama mpaka sikioni kwake. Sauti yangu ilitoka ndogo, ya kumbembeleza, kama ya kumlaza mtoto.

"Kwa nini, shemeji? Alikukosea nini?"

Akafungua mdomo. Nilimwona akilitafuta neno, nadhani alilipata. Kisha mwili wote ukakakamaa.

"Amejaza kioo," alisema.

Kichwa chake kikaenda mbele, kama kimeshikwa kisogoni na kusukumwa. Jicho likabanwa kwenye chuma.

Bunduki ikalia.

Mtu mwenye akili angekimbilia sanduku la huduma ya kwanza. Shemeji alikuwa amejikunja, viganja usoni, damu inapita katikati ya vidole, anaita mama yake. Mimi niliokota bunduki. Nikatoa risasi, nikafunga kitufe cha usalama, nikalala pale alipokuwa amelala, mkeka bado una joto lake. Nikafuta kioo kwa mkono wa shati langu. Nikaweka jicho.

Karatasi nyeupe, na tundu moja la risasi katikati kabisa.

Nikazungusha pete mpaka mwisho. Nikairudisha. Nikamwita mume wangu kwa jina nililokuwa namwita tukiwa wawili tu. Nikamwita tena. Tena.

Karatasi.

Aliyemuua anamwona. Mimi niliyemfulia, niliyemlilia, ninayelala upande mmoja wa kitanda kana kwamba atarudi kuudai wake, mimi naonyeshwa karatasi! Nililia kwa wivu pale chini, huku shemeji anavuja damu nyuma yangu.

Jicho lile halikuokoka. Hospitali walimshona, wakasema jicho likiondoka akili huchora picha zake yenyewe, zitapungua. Hawakuuliza alianza kuziona lini. La pili lilikuwa zima, lakini alilifunga kitambaa mwenyewe siku aliyotoka. Haikumsaidia, bado alikuwa anamwona. Mama alimweka chumba cha nyuma, anamwogesha, anamlisha supu kwa kijiko, anapuliza kwanza isimuunguze. Majirani wanasema hawajaona mama mwenye huruma kama yule.

Kila jioni, akishamfuta mdomo, humuuliza: "Amefika wapi?"

Mwanzoni alijibu, "Getini." Baadaye, "Kwenye ngazi." Kisha, "Dirishani. Ameweka paji la uso kwenye kioo."

Mama huitikia kwa kichwa. Hutabasamu kidogo. Ndivyo anavyopata habari za mwanawe.

Nami nikaanza kwenda. Nilisema nakwenda kumjulia hali mgonjwa. Ukweli ni kwamba nilikwenda kuuliza. Kwa nini ulimuua? Hapo shemeji hufunga mdomo. Watu wasioiamini ile ajali wana majibu yao. Wengine wanasema shamba. Wengine wanasema ni mimi, eti kabla ya harusi yangu alikuwa na neno la kuniambia, akachelewa. Sijui. Hakuwahi kuniambia neno lolote. Nikamuuliza Mama alichonong'ona kwenye kioo siku ile, akaniambia alikuwa anasali.

Kwa hiyo nikaacha hayo, nikauliza yale yaliyobaki. Amevaa nini? "Shati la kijani." Amenyoa? "Hajanyoa." Anaonekana amechoka? "Hapana. Anaonekana ametoka safari." Niliyabeba majibu hayo mpaka nyumbani, nikalala nayo. Ndiyo ndoa niliyobakiwa nayo, nachotewa kwa mdomo wa shemeji.

Juzi nilikuta Mama keshamlisha. Nikakaa kwenye stuli, karibu na miguu ya kitanda. Mama akauliza swali lake.

"Amefika wapi?"

Shemeji aligeuza uso wake uliofungwa, polepole, kama anayemfuata mtu kwa macho.

"Yumo ndani."

Kijiko kikagonga bakuli mkononi mwa Mama. Kwa mara ya kwanza nilimwona anaogopa.

"Yuko wapi humu ndani?" nilinong'ona. "Anakutazama?"

"Hapana," shemeji alisema. Na sauti yake, sitaisahau, ilikuwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Leo hanitazami mimi. Anakutazama wewe."

"Ananitazamaje?"

Akafikiri.

"Unataka kweli nikwambie?"

Taa ilikuwa inawaka vizuri. Nilikiona chumba chote: ukuta, pazia, ndoo, kiti kitupu. Harufu ya sabuni ya ndimu ikaja, karibu, karibu sana, kama mtu ameinama juu ya nywele zangu. Nilitaka kugeuka. Mwaka mzima nilikuwa naomba nigeuke nimkute. Shingo ilikataa.

Shemeji akajisogeza ukutani na kuvuta shuka, kama anavyofanya mtu anayempisha mwenzake akae. Godoro likabonyea.

Jana sikwenda. Leo jua bado halijazama, na nimeshavaa viatu.