Fungu la Yustus

Sokoni Murongo, mwaka 1953, Rwegasira alirudisha gari la sinema nyuma bila kutazama, akaponda mkungu wa ndizi wa Kokushubira.

"Macho umeyaacha Uganda?" binti alifoka, gauni lake la maua limerukiwa na tope.

"Nimeyaacha hapo ulipo, bibiye. Nikununulie mkungu mwingine, nikubebee hadi nyumbani?"

Aliubeba hadi kijiji cha Kibingo, jasho likimtiririka, binti akimcheka njia nzima. Kwao, mama yake, Placidia, alikata jani la mgomba na kutenga juu yake fungu la ndizi zilizopikwa ambalo hakuna aliyeligusa.

"La kaka yangu Yustus," Kokushubira alimnong'oneza. "Alikwenda vitani Burma, hakurudi. Mama bado anamngoja. Usimwambie mtu."

Miezi mitatu ya barua ikapita. Rwegasira akaahidi kuleta wazee wake kuposa.

Kabla hawajafika, gari lake lilileta sinema mpya. Mchana, katika ghala la kahawa la Kibingo, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, watu walimtazama mama mmoja kwenye turubai la sinema akimenya ndizi. Akamenya. Akatenga chakula cha mwanawe aliyepotea vitani, akautazama mlango.

"Anayemenya ninaye nyumbani!" mzee mmoja alipiga kelele. "Farasi wako wapi?"

"Hata ngumi moja hakuna?"

Watu wakaanza kutoka. Bwana Melkiory, mkubwa wa gari, alifungua daftari lake. Rwegasira, dereva na pia mfasiri wa sinema, akaingiwa na hofu, akashika kipaza sauti. "Kaeni! Mama huyu anampikia maiti! Marehemu ana njaa!"

Ghala zima likaangua kicheko. Mama Placidia, benchi la mbele, alijifunga shuka yake vizuri akatoka.

Kokushubira alimkuta Rwegasira mlangoni. "Kicheko kile umekinunua kwa siri yangu."

"Mpenzi, watu walikuwa wanatoka..."

"Wangetoka! Wazee wako wasije."

Jumamosi iliyofuata sinema ilirudiwa. "Wakitoka tena, kazi huna," Melkiory alionya. Kokushubira alikuja na bahasha ya barua zote, azirudishe. Alisimama nyuma akisubiri. Mama wa kwenye turubai akamenya. Watu wakalalamika, wakatoka kwa makundi.

"Sema kitu!" Melkiory alifoka.

Rwegasira aliweka kipaza sauti chini. "Hapana, bwana. Sikupaswa kusema hata siku ile."

Kokushubira akatoka mbio na bahasha yake. Alirudi amemshika mama yake mkono. Waliobaki walikuwa wanawake wanane na kikongwe mmoja wa kiume, aliyeliambia turubai polepole, "Wangu naye alikwenda huko."

Taa zilipowashwa, Melkiory aliandika: "Watu tisa. Haifai."

"Andika kumi na mmoja," alisema Mama Placidia. "Sinema hii ni ndefu, inachosha. Lakini ndivyo tunavyongoja." Akamgeukia Rwegasira. "Wewe, wazee wako waje Jumapili."

Alikuja nao kwa miguu, gari alishanyang'anywa. Mama alitenga chakula kwenye majani ya mgomba. Rwegasira alinyoosha mkono kwenye jani lililokuwa mbele yake.

"Hilo la Yustus," mama alisema. "Lako hili."

Kokushubira akayasogeza majani yale mawili, yakagusana.