Imebaki Moja Tu

Saa nane mchana, watu waliporudi kutoka kula, dereva wa foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, aliingia mstari wa saba wa ghala na kumkuta shemeji yake, mtunza ghala, amelala chini ya vyuma na makasha ya betri. Alipiga kelele hadi walinzi wa getini wakasikia. Walipofanikiwa kumtoa, mtunza ghala alikuwa ameshakata roho, na skana yake ya kupokelea oda imepondeka haifai hata kwa vipuri.

Wenzake walimwita Sifuri, naye aliitika. Ghala lile halikuwa na mteja wa kuingia mlangoni. Liliuza kwenye duka la mtandaoni, na kila hesabu iliyoandikwa ghalani ilijionyesha yenyewe dukani. Bidhaa iliyopo kwenye mfumo wa kompyuta lakini haipo kwenye rafu waliiita hewa, na Sifuri aliichukia hewa kuliko panya. Akiikuta tu, anaandika sifuri, na tangu hapo hakuna mteja anayeweza kuinunua.

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno. Alipiga magoti kwenye vumbi bila kujali sketi yake. Boriti ya juu ya rafu ilikuwa imechomoka kwenye nguzo na kushuka na mzigo wake wote. Ngazi ya marehemu ilikuwa nzima, ila ilikuwa imeegemezwa kwenye boriti hiyo. Pini mbili za kuifunga alizikuta nyuma ya nguzo. Alizigeuzageuza kiganjani. Zilikuwa zimenyooka kabisa.

"Huku juu kulikuwa na nini?" aliuliza.

"Betri za akiba," alijibu meneja. "Na nafasi ya cherehani za umeme, lakini hizo zimekwisha. Marehemu mwenyewe aliziandika sifuri leo asubuhi."

"Sasa alipanda kufuata nini?"

"Hata mimi najiuliza, afande. Saa za chakula hubaki yeye peke yake humu, anakula kwenye kiti chake pale." Meneja alishusha sauti. "Sipendi kumtia mtu matatani. Lakini wiki iliyopita dereva aliigonga rafu hii hii, Sifuri akamshtaki kwangu. Leo asubuhi wamegombana, na kila mtu amesikia."

Meneja alikuwa mkwe wa mwenye ghala. Alizungumza kwa upole wa mtu aliyezoea kuaminiwa.

Dereva hakukana ugomvi.

"Nilimwambia asinijue tena," alisema, macho yakiwa sakafuni. "Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa shemeji yangu. Basi nifungeni, afande. Hata nikibaki nje nitaenda wapi?"

Alilala mahabusu. Kesho yake kabla kituo hakijafagiliwa, mjane alikuwa ameshakaa kwenye benchi la mapokezi, kanga kichwani, mikono imetulia mapajani.

"Afande, mume wangu yuko mochwari na kaka yangu mnaye nyinyi. Mmeniachia nani?"

Inspekta alivuta kiti, akakaa mbele yake. Akauliza kilichokuwa kikimkera tangu jana.

"Mumeo alikuwa mtu wa kupanda ovyo?"

"Yule? Kubadilisha taa tu nyumbani lazima kwanza aitikise ngazi mara tatu. Nikimcheka ananuna."

Mjane alipoondoka, Inspekta alifungua duka la mtandaoni kwenye simu yake. Hakuwa akitafuta ushahidi. Alitaka tu kukiona hicho kitu ambacho mtu mwangalifu vile alikifuata hadi kufa, hali anajua hakipo. Picha ya cherehani ilitokea, na chini yake maandishi mekundu: *Imebaki 1 tu. Wahi!*

Aliyasoma tena. Kisha akachukua funguo za gari.

Fundi wa mfumo alikuwa na kitambi na chumba kidogo chenye joto, kando ya ofisi ya meneja. Inspekta alimwekea simu mezani.

"Sifuri akiandika sifuri, huku dukani inafika lini?"

"Papo hapo."

"Na hii moja imetoka wapi?"

Fundi alibonyeza hapa na pale. Uso wake ukabadilika. "Imeingia jana, saa saba na robo."

"Watu wako kwenye chakula. Nani aliweka cherehani kwenye rafu?"

"Hakuna aliyeweka, afande. Hii ni kasoro." Alijikuna shingo kwa aibu. "Oda za kawaida zinatoka dukani. Lakini mtu akitengeneza oda kwa mkono humu ofisini, mfumo unaikubali hata kama hesabu ni sifuri. Inakwenda kwenye skana ya ghalani kama oda nyingine yoyote. Halafu ukiifuta, mfumo unadhani mzigo umerudi, unaongeza moja. Nimeahidi kuirekebisha tangu mwaka jana."

"Kwa hiyo mtu alimtumia Sifuri oda ya kitu kisichokuwepo, kisha akaifuta. Jina lake?"

"Oda ikifutwa haibaki hata harufu."

"Wenye uwezo wa kutengeneza oda hiyo ni kina nani? Dereva yumo?"

"Dereva? Yule hata kuwasha hii kompyuta hajui." Fundi aliisukuma kibodi kando. "Ni mimi na meneja."

"Saa saba na robo ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Peke yangu." Jasho lilimtiririka. "Afande, naona inavyoonekana. Lakini wallahi sikumgusa yule mtu."

Inspekta aliegemea meza. "Tuseme wewe ndiye uliyeifuta. Baada ya hapo ungefanya nini?"

"Ningerudisha sifuri," fundi alijibu bila kufikiri. "Lazima. La sivyo ile moja ingeonekana duka..." Macho yake yakaenda kwenye simu pale mezani.

"Usiguse kitu," alisema Inspekta. "Wala usimwambie mtu."

Mchana ule aliwakusanya katika ofisi ya meneja: fundi, meneja, mjane, na dereva aliyeletwa na pingu mikononi. Katikati ya meza aliweka skana mpya. Meneja alimpa mjane kiti chake mwenyewe na kumpa pole kwa mara ya pili.

"Nimewaita nifunge jalada," alisema Inspekta. Mkono wake mmoja ulikuwa chini ya meza, umeshika simu.

Skana ikalia. Wote wakashtuka.

"Tusomee," alimwambia dereva.

Dereva aliinama. "Cherehani ya umeme, moja. Mstari wa saba, rafu ya..." Akamtazama dada yake. "Rafu ya juu."

"Haiwezekani!" Meneja alikuwa ameshasimama. "Hiyo nilishaifuta!"

Inspekta alitoa simu na kuiweka kando ya skana.

"Hii ni yangu, nimeinunua sasa hivi dukani kwako. Uliyoifuta wewe ni ya jana. Ulipoifuta, mfumo ukaongeza moja. Fundi angejua kuiondoa, wewe hukujua."

Inspekta akatoa zile pini mbili mfukoni, akaziweka mezani.

"Pini zilizogongwa na foklifti hupinda. Hizi zimechomolewa kwa mkono ili boriti ichomoke ngazi ikiegemezwa, na mtu aliyejua nani wa kusingiziwa. Ulichagua bidhaa iliyokwisha ili hapo pasipandwe na mwingine. Mtu mwingine yeyote angeiona oda ile, angecheka na kuipuuza. Yeye ulijua lazima aende kuhakikisha."

"Nilimwomba," alisema meneja. Upole wote ulikuwa umemtoka. "Kila sifuri aliyoandika ni mzigo nilioupitisha mlango wa nyuma. Nilimwomba anipe muda nirudishe kidogo kidogo. Akasema sifuri ni sifuri, na keshokutwa anakwenda kwa baba mkwe. Ningemwambia nini mke wangu?"

"Na mimi?" aliuliza mjane. "Mimi uliniambia nini? Umenipa pole mara mbili."

Meneja hakumtazama. Pingu zilitoka kwenye mikono ya dereva zikaingia kwenye yake, na askari wakamtoa nje. Fundi alibaki amejishika kichwa, akirudia kwamba alipaswa kuirekebisha kasoro ile tangu mwaka jana.

Dereva alisimama mbele ya dada yake bila kujua pa kuweka mikono. Mjane alikuwa bado anaitazama skana.

"Kwa hiyo hakufuata kitu," alimwambia Inspekta. "Alikwenda kuangalia tu."

"Alikwenda kuangalia tu."

"Na alijua hakuna."

"Alijua."

Mjane alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza akacheka, kicheko kidogo cha nyumbani. "Ndivyo alivyo. Hata nikimwambia chumvi imekwisha, lazima anyanyuke akafungue kopo mwenyewe."

Kisha kicheko kikageuka kilio, na kaka yake akamshika.