Kompyuta Ilikata Herufi Moja, Nikaitwa Muuaji

Kofi lilinipata kabla sijajua kosa langu.

Mama mmoja alikuwa amenishika kola pale korido ya hospitali, watu wakitazama.

"Ni wewe unataka kuua Mumbua wangu?"

Huyo mama sikumjua. Lakini aliyesimama nyuma yake, kidole kikinielekea, nilimjua vizuri sana...

Evanson. Mchumba wangu! Wazee wao walikuwa wameshaleta mbuzi za ntheo kwetu Kalamba. Kwa desturi yetu Wakamba, nilikuwa tayari bibi yake.

Nyinyi mnaosoma, hii ilikuwa 1999, hospitali moja ya misheni si mbali na Kasikeu. Watu waliogopa mwaka wa 2000 utaua kompyuta zote za zamani. Hospitali ikaamua kuhamisha databesi, yaani rekodi zote za wagonjwa na za wanaotoa damu, hadi kwa databesi mpya. Kuijenga ilikuwa kazi ya Evanson. Mimi niliingiza rekodi.

Evanson alitoa kwa mtandao programu moja ya bure, zile ambazo hata msimbo wake, yaani maandishi yaliyoiunda, umeachwa wazi mtu yeyote asome. Unaionyesha muundo wa databesi ya zamani, nayo inakuandikia amri za kujenga majedwali ya ile mpya.

Shida ni kwamba waliotengeneza hiyo programu walikuwa wanatumia databesi ingine, si kama yetu. Mwanzoni yetu ilikataa karibu kila amri. Tulirekebisha neno moja moja, tukigombana, mpaka ikaacha kulalamika.

Nilimwambia tujaribu rekodi za kweli kabla ya kuiamini. Akanifokea mbele ya wenzetu, eti wafadhili wanakuja Ijumaa na mimi naleta woga wa kijijini.

Haya. Sasa Mumbua, binti ya yule mama, akajifungua pale kwetu, na damu ikakataa kusimama.

Damu yake ni kundi A. Kwa friji kulikuwa na mfuko, na stika yake, iliyochapishwa na kompyuta yetu, ilisema A.

Syombua wa maabara hakutosheka na stika. Alichanganya tone la mfuko na tone la Mumbua, akatazama.

Ikagandana.

Ule mfuko ulikuwa AB! Ungeingia kwa mwili wa Mumbua, tungekuwa tunazika.

Daktari Wariara alimwita Evanson, akamuuliza stika ya uongo imetoka wapi. Evanson akasema maneno ambayo mama yake Mumbua aliyasikia pale mlangoni.

"Mimi nilijenga tu. Anayeingiza data ni Muthoki."

Ndipo likaja lile kofi.

Nilijitoa kwa mikono ya huyo mama nikaenda kwa kompyuta, shavu likiwaka moto. Daktari alinifuata. Nikaandika AB kwa rekodi mpya, nikaifunga, nikaifungua tena.

A.

Hakuna onyo, hakuna kosa. Herufi ya pili ilikuwa imeenda.

Nikafungua zile amri ambazo programu ya bure ilituandikia. Pale kwa kundi la damu ilikuwa imesema tu "herufi", bila kusema ni ngapi. Kwa databesi ya wale walioitengeneza programu, hiyo ina maana ya urefu wowote. Kwa yetu, ina maana ya herufi moja. Zingine inakata, na haikwambii.

"Kila AB kwa friji imeandikwa A," nilimwambia daktari. "Usiamini stika hata moja."

Hakungoja maelezo zaidi. Aliamuru mifuko yote ipimwe upya kwa mkono. Syombua alipima akilia kwa hasira, mpaka akapata iliyo A kwa kweli, na Mumbua akawekewa.

Akaishi.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini Syombua alirudi na ule mfuko wa AB, akauweka juu ya meza mbele ya Evanson.

"Hii damu ni yako," akamwambia. "Ulitoa Jumanne. Na kundi lako unalijua, uliniambia mwenyewe nikikutoa damu."

Kumbe! Stika za Jumanne alizichapisha yeye, na hii ilitoka kwa printa akiiangalia. Aliisoma A, naye anajua yeye ni AB. Na akaibandika kwa mkono wake.

Daktari alimuuliza kama ni kweli.

"Niliona," akasema. "Nilidhani tutarekebisha wafadhili wakishaenda."

Nilimuuliza swali moja tu.

"Na ukaona nikipigwa?"

Alitoka nje.

Aliacha kazi wiki hiyo, akaenda Nairobi. Sikumsindikiza, na sikujibu simu zake. Mimi na Syombua tulibaki kuandika upya kila kundi la damu, jedwali likiwa limeshapanuliwa, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikiandika.

Programu ya bure siilaumu. Msimbo wake ulikuwa wazi, na amri zake zilikuwa pale, tungezisoma.

Funzo nililobeba ni hili. Databesi ikikukatalia, shukuru, imekuonyesha shida iko wapi. Ogopa ile inayokubali kila kitu na kukata kimyakimya.

Na mchumba wa namna hiyo, muogope zaidi.