Nguzo ya Kumi na Tisa

Upepo uligeuka walipokuwa wamepita nguzo ya kumi na mbili. Asubuhi yote ulikuwa ukiwasukuma mgongoni. Sasa ulitokea kusini, umebeba theluji laini kama unga, na kwa dakika chache mlima mzima ukafutika. Kremena Vuchkova aliziona ncha za skii, zile mbao zake za kutelezea, akaliona koti jekundu la mwenzake hatua tatu mbele, basi. Kushoto kulikuwa na genge, kulia bonde, na vyote viwili vilikuwa na rangi ileile nyeupe. Kilichobaki cha kufuata ni nguzo za chuma zilizochomekwa juu ya mgongo wa mlima, moja baada ya nyingine, kila moja imevaa barafu nene kama paja la mtu.

“Kumi na tatu,” Spas alipaza sauti, akiigonga nguzo kwa fimbo yake.

Spas Karadzhov alikuwa mwoka mikate wa mji wa Kyustendil, mtu wa miaka hamsini na miwili, kifua kipana, aliyeanza kuteleza kwa skii uzeeni na kuyapenda mambo hayo kama mtoto. Walikuwa wamekutana jana yake tu, kwenye kibanda cha wapanda milima katika safu ya Rila, wakila supu ya maharage meza moja. Kila mmoja alikuja peke yake, na wote walitaka kuvuka upande wa pili, wakakubaliana kwenda pamoja. Kremena alipomuuliza kama anaijua njia, Spas alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

“Nimeichapisha kutoka kwenye kundi letu la mtandaoni, la watu wa skii,” alisema. “Ameiandika mtu anayejiita Lastovitsa. Sijui ni dada au ni kaka, lakini anaijua milima kama mimi ninavyolijua tanuri langu. Hata soksi hizi nilizovaa ni ushauri wake.”

Kisha akamsomea ukurasa mzima, polepole, kidole kikifuata mistari.

Lastovitsa alikuwa Kremena mwenyewe. Mchana alitengeneza meno ya bandia katika karakana moja ya Plovdiv. Jioni, kwa miaka sita sasa, aliwaandikia watu wasiomjua uso namna ya kuvaa, wapi pa kupita, theluji ipi ya kuogopa, nao walimshukuru kwa mamia. Angeweza kusema palepale mezani. Lakini sifa za mtu asiyejua kwamba anakusifia mbele yako zilimnogea. Akaona atamwambia wakishafika chini, wakiwa na bia mkononi, na watacheka sana. Akanyamaza, akamsogezea mkate.

“Kumi na tisa,” alisema Spas sasa. Alisimama kumsubiri. Ndevu zake zilikuwa zimeganda. “Karatasi inasema hapa tugeuke kulia, mteremko mpana, hauna mawe.”

“Haya,” alisema Kremena. “Polepole. Nione mgongo wako muda wote.”

Wakashuka. Mizunguko mitano ya kwanza ilikwenda vizuri. Wa sita ukamtia wasiwasi: theluji chini ya skii ilikuwa ngumu, na mteremko ulizidi kusimama. Mteremko aliokuwa akiukumbuka ulikuwa mpana kama uwanja wa mpira. Huu ulikuwa mwembamba, na kupitia ukungu alianza kuona mawe meusi kulia, kisha mawe meusi kushoto.

“Spas, simama,” aliita. “Simama hapo hapo.”

Upepo ulilichukua neno lile. Koti jekundu lilizunguka mara moja zaidi, likatoweka. Hakukuwa na ukelele. Kulikuwa na mkwaruzo wa chuma juu ya mwamba, kisha kishindo kizito.

Alimkuta chini ya kizingiti cha mwamba, kimo cha nyumba ya ghorofa moja, amelala ubavu, skii moja imepotea. Ilimchukua nusu saa kukizunguka kizingiti hicho, akishuka upandeupande, akichimbia kingo za skii kwenye barafu.

“Umegonga kichwa?”

“Kichwa kizima. Ni mguu.”

“Unavisikia vidole?”

“Navisikia kuliko ninavyotaka.”

Alipapasa juu ya buti. Mfupa ulikuwa umekatika chini ya goti, lakini ngozi haikuchanika na damu haikuwapo. Alizikunja fimbo za Spas, akaziweka pande mbili za mguu, akazifunga kwa mikanda ya begi na skafu yake. Spas aliuma glavu yake mpaka kazi ikaisha. Simu ya Kremena ilikuwa imezimwa na baridi. Ya Spas iliwaka, lakini katika mtaro ule wa mawe haikushika mtandao hata kidogo, na chaji ilishuka wakiwa wanaitazama.

Kremena alichukua koleo lake dogo akachimba. Chini ya kizingiti theluji ilikuwa imejilundika kwa kina, akachonga tundu la watu wawili, mlango wake mdogo na upo chini ili joto lisitoroke. Akatandika begi na kamba, akamburuta Spas ndani, akamfunika kwa blanketi la foili. Alipomaliza, glavu zake zilikuwa zimelowa na buti la kushoto limejaa maji.

Spas alitoa kichupa cha rakia, pombe kali ya matunda.

“Hapana,” alisema Kremena. “Itakupasha moto ngozi, halafu itautoa moto wote uliomo mwilini.”

“Na hilo ni la Lastovitsa,” alisema Spas, akakirudisha kichupa. “Nimelisoma.”

Kremena alikuwa amejaza theluji kwenye chupa ya maji na kuiweka kifuani iyeyuke. Aliishikilia kwa mikono miwili. Tangu alipoyaona yale mawe meusi alikuwa akihesabu na kuhesabu tena, na sasa hesabu ilikuwa imekamilika.

“Spas. Lastovitsa ni mimi.”

Spas alimgeukia.

“Na nimekosea. Mwaka ule nilipopita sikuanza kuhesabu nguzo kutoka kibandani. Nilianza kwenye kipito kati ya vilele viwili, baada ya kupumzika. Kabla ya hapo kuna nguzo nyingine, labda saba, labda nane. Niliandika nikiwa nyumbani, miezi miwili baadaye. Jua likiwaka hakuna mtu anayehitaji kuhesabu, bonde analiona. Tumeshuka bonde ambalo silo.”

Nje upepo ulikuwa ukipuliza kwenye mwamba kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Aliendelea, maana alijua akinyamaza hapo hatamaliza. Palikuwa na mzee mmoja kwenye lile kundi, Zhelyo wa Samokov. Alikuwa ameuliza chini ya andiko lake: una hakika, Lastovitsa, unahesabu kutoka kibandani? Akauliza tena baada ya wiki. “Nikamjibu, nimepita huko kwa miguu yangu, mzee wangu, wewe umepita lini? Watu wakacheka. Nikafurahi walivyocheka.”

“Kukosea hesabu ni jambo la kawaida,” alisema Spas. “Mimi niliwahi kutia chumvi mara mbili, mji mzima ukala mkate kama maji ya bahari. Lakini jana ulikaa na mimi mezani.”

“Ndiyo.”

“Nikakusomea maneno yako mwenyewe.”

“Ndiyo.”

“Ungesema ni wewe, ningekuuliza maswali. Mimi naulizaga sana, mke wangu atakwambia. Ningekuuliza nguzo ya kwanza ni ipi.”

Spas aligeuza uso kuuelekea ukuta wa theluji, akakaa hivyo mpaka mwanga wa mlangoni ukawa wa buluu, kisha wa kijivu. Halafu Kremena akasikia karatasi ya chakula ikikunjuliwa. Spas alikuwa akigawa kipande kilichobaki cha banitsa, andazi la jibini.

“Kula,” alisema. “Kesho wewe ndiye utakayenivuta.”

Hawakulala. Kila Spas aliponyamaza muda mrefu, Kremena alimtikisa na kumtaka aeleze namna ya kuoka mkate, naye alieleza tangu kuchunga unga, kwa ukali, akimkaripia kwa makosa ambayo hakuwa amefanya. Mkate wa nne ulipokuwa unaumuka, Kremena alitambua kwamba havisikii vidole viwili vya mguu wa kushoto. Alikaa na habari hiyo peke yake kidogo. Kisha akasema.

“Tangu lini?” aliuliza Spas.

“Labda saa moja. Sikutaka kukuongezea mzigo.”

“Umeanza tena. Vua hilo buti.”

Akafungua koti na sweta, akauweka ule mguu juu ya tumbo lake, akaguna kwa baridi yake. Waliketi hivyo, mguu wa mmoja tumboni kwa mwingine, mpaka kulipopambazuka.

Theluji ilikuwa ikidondoka bado, ila upepo ulikuwa umechoka. Kremena alitoka nje akatazama juu: kupanda na mtu wa kilo tisini haiwezekani. Akatazama chini: bonde liliingia ndani ya ukungu.

“Sijui linatokea wapi,” alimwambia Spas. “Sijawahi kufika hapa. Naweza kukuacha nikatafute watu, au naweza kukuvuta. Nikikuacha nikapotea, hakuna atakayekujia.”

“Wewe unaonaje?”

“Naona nikuvute. Lakini sina hakika.”

“Basi tumekuwa wawili tusio na hakika,” alisema Spas. “Nifunge vizuri.”

Alizifunga zile skii tatu pamoja kwa mpini wa koleo na kamba, akamlaza juu yake, akajitia kamba kiunoni. Penye mteremko alikaa nyuma ya mzigo na kuuzuia. Penye tambarare alivuta, akizama hadi magotini. Akahesabu hatua arobaini, akapumzika, akampa Spas funda moja la maji, akanywa lake. Mara mbili skii zilipinduka na Spas akalia machozi waziwazi, bila aibu, huku akimwambia aendelee. Walifika mahali bonde lilipofunguka chini ya mteremko mpana, wote umejaa theluji mpya. Alichoma fimbo. Tabaka la juu lilititia chini ya mguu wake kwa sauti ndogo nzito, na ufa mwembamba ukakimbia mbele yake.

Kupita hapo kungewaokolea saa nzima, lakini theluji ile ingeweza kuporomoka yote na kuwafukia. Alirudi nyuma, akamvuta Spas kuzunguka ndani ya misonobari, mti hadi mti, na saa hiyo ikawa mbili.

Mtoni chini ya barafu maji yalianza kusikika. Wakaufuata mlio huo. Mchana ulikuwa umepita aliposikia kitu kingine: filimbi, mara tatu, kisha kimya, kisha mara tatu. Hakuwa na pumzi ya kuita. Alichukua sufuria yake ya bati, akaipiga kwa kisu, tatu, tatu, tatu, mpaka watu sita wenye makoti ya njano walipotokea kati ya miti, na mbele yao mzee mfupi mwenye kofia ya sufi, amevaa viatu vya mbao vya theluji vya zamani.

Tsonka, mke wa Spas, alikuwa amesubiri simu ya jioni asiipate. Usiku uleule akaingia kwenye kundi kwa jina la mumewe, akaandika kwamba amefuata njia ya Lastovitsa na hajarudi. Wengi walijibu kwa maneno ya faraja. Zhelyo wa Samokov aliwapigia simu waokoaji, akawaambia msimtafute kwenye bonde aliloliandika Lastovitsa. Mtafuteni kwenye lile la jirani, atakuwa amehesabu kutoka kibandani. Kisha akavaa, akawafuata.

Waokoaji walipokuwa wakimhamishia Spas kwenye machela, mzee yule alimsogelea Kremena na kikombe cha chai.

“Mwenzako anasema Lastovitsa ni wewe.”

“Ni mimi, mzee.”

“Ulianza kuhesabu kwenye kipito.”

“Ndiyo. Uliniuliza mara mbili.”

“Mara tatu,” alisema Zhelyo. “Ya tatu sikuituma. Niliona haya, kwa vile walivyonicheka.” Alimtazama mikono. “Kunywa, binti yangu. Shika kikombe kwa viganja, usikishike kwa vidole.”

Hospitalini Kremena alikatwa ncha za vidole viwili vya mguu. Siku ya tatu alishuka kwa magongo hadi wodi ya Spas. Tsonka alikuwapo, mwanamke mwembamba mwenye macho mekundu, na Kremena alimwambia kila kitu akiwa bado amesimama mlangoni. Tsonka alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amesamehe. Alitoa begi lake kwenye kiti ili mgeni akae.

Spas alikuwa amelala, mguu umening’inizwa. Kremena akafungua simu.

“Nimeandika,” alisema. “Kwa jina langu kamili. Nataka usikie kwanza, maana wewe umo.”

Akasoma. Idadi ya nguzo, na kwamba haijui kwa hakika, hivyo mtu yeyote asiishuke njia ile mpaka ihesabiwe upya. Maswali ya mzee Zhelyo na jibu alilompa. Kizingiti, mguu, vidole. Spas alisikiliza amefumba macho. Alipofika kwenye meza ya kibandani, supu, ile karatasi, sauti ya Kremena ilipungua, na akatafuta kwa macho mahali pa kurukia.

“Endelea,” alisema Spas. “Hapo usipunguze neno.”

Akasoma neno kwa neno. Kisha akatuma.